Kumuuzulu Mwenyekiti wa Kijiji: Je, ni Fitina?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa wametuuliza jambo ambalo tumeona tulijibu kwa urefu kidogo. Wenye nyumba na mashamba katika kijiji wanataka kumuuzulu mwenyekiti wao, kwa madai kwamba viwanja vya ufukweni vinagawiwa bila wao kuitwa mkutanoni. Tangu barabara ya lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga ilipofika Mbamba Bay, ufukwe huo si ule wa zamani. Uchaguzi ulifanyika Novemba 27, 2024, na wa kawaida unaofuata ni wa 2029. Je, wangoje? Baadhi ya wazee wamewaambia vijana kwamba kumpinga kiongozi ni fitina. Tena Wakristo ndio wengi kijijini: Muislamu atie sahihi pamoja nao?

Hofu ya wazee tusiicheke. Wajerumani walitawala kwa maakida na majumbe, na mwaka 1906, katika vita vya Maji Maji, waliwanyonga wakuu wa Wangoni pale Songea. Waingereza nao walitawala kwa kupitia machifu, mpaka uchifu ulipofutwa kisheria mwaka 1963. Aliyelelewa na habari hizo huona kuwa mkubwa huletwa kutoka juu, na kazi ya raia ni kunyamaza.

Lakini mwenyekiti wa kijiji wa leo hakuletwa kutoka juu. Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya 1982 imeupa mamlaka ya juu ya kijiji mkutano mkuu, yaani kila mkazi aliyefikia miaka 18, mume kwa mke, mwenye hati na asiye nayo. Mkutano huo ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, na ndio wenye uwezo wa kumwondoa mjumbe mmoja au wote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 ikaongeza kwamba halmashauri husimamia ardhi kama mdhamini anayetunza mali ya wengine, wala haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu.

Mwanafunzi wa fiqhi akiyasikia haya hatajiona mgeni. Huyu ni wakala. Katika madhehebu ya Imam Shafii, wakala ni mkataba usiofunga daima; aliyewakilisha anaweza kumuuzulu wakala wake. Ila hapa waliowakilisha ni wengi, basi hata watu hamsini wakiifunga ofisi kwa kufuli na kumtangaza mwenyekiti mwingine barazani, hawajamuuzulu mtu. Kilichofungwa na kikao hufunguliwa na kikao.

Ama aya ya kuwatii wenye mamlaka, nayo ni ya 59 katika Suratun-Nisaa, tunamwomba msomaji arudi aya moja nyuma. Aya ya 58 inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Na maonyo ya wanazuoni juu ya kumtokea kiongozi yanahusu kumshikia silaha mtawala mkuu, si kunyoosha mkono katika mkutano ambao sheria ya mtawala huyo huyo imeuweka.

Jambo hili lilipata kutokea zama za Umar bin Khattab (r.a.). Saad bin Abi Waqqas (r.a.), mshindi wa Qadisiyya na mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo, alikuwa gavana wa Kufa. Watu wakamshitaki Madina, wakafika hata kusema hajui kuswalisha. Umar hakuwaita wafitini, wala hakumhukumu Saad kwa maneno ya barazani. Alimwita akamuuliza, kisha akatuma wachunguzi waliozunguka misikiti ya Kufa mmoja baada ya mwingine wakiuliza habari zake. Kote alisifiwa, mpaka msikiti wa Bani Abs, ambako Usama bin Qatada alisimama akasema Saad hatoki na jeshi, hagawi sawa, wala hahukumu kwa uadilifu. Saad akamwombea dua: ikiwa amesema uongo kwa kutaka kuonekana, Mungu amrefushie umri na ufukara na amtie katika fitina. Bukhari amepokea kwamba mtu yule alizeeka mpaka nyusi zikamwangukia machoni, akawa anawasumbua wasichana njiani, akikiri mwenyewe kuwa dua ya Saad imempata.

Pamoja na hayo Umar alimuuzulu Saad na kumweka Ammar bin Yasir (r.a.). Hapa pana fiqhi kubwa: kuuzuliwa si lazima kuwe adhabu ya kosa. Watu wakishapoteza imani, maslahi yao yanatosha.

Kwa hiyo anayesimama mkutanoni aseme anachokijua: kiwanja kipi, lini, na muhtasari wa idhini uko wapi. Imam Nawawi ametaja hali sita ambazo ndani yake kumsema mtu si ghiba iliyokatazwa, mojawapo ni aliyedhulumiwa kushitaki kwa mwenye uwezo. Kumtangaza mwizi kwenye vijiwe vya kahawa haimo.

Kuhusu Wakristo, Mtume (S.A.W.) alihudhuria Hilful-Fudhul, mapatano ya Makureshi ya kumtetea aliyedhulumiwa, kabla ya utume, na baadaye akasema angeitwa katika Uislamu kwa mfano wake angeitika. Dhuluma ya kiwanja haichagui dini.

Mkutano mkuu huitishwa kila miezi mitatu. Mwenyekiti akikataa kuuitisha, malalamiko yaandikwe, yapelekwe kwa mtendaji wa kata na kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya. Wa mwambao asipande bure hadi Mbinga. Wilaya yake sasa ni Nyasa. Na mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa, hakupigiwa kura, hivyo mashitaka yake ni kwa mwajiri wake.

Uamuzi ukipita, muhtasari uandike yaliyothibiti tu. Umar alipokuwa akifa mwaka 23 Hijria, alimtaja Saad miongoni mwa sita wa kushauriana juu ya ukhalifa, akaeleza kwamba hakumuuzulu kwa udhaifu wala kwa khiyana.

Wallahu aalam.