Kabla ya Bunduki, Uliza Eneo

Hapa Iyunga naulizwa swala wanapatikana wapi. Mimi huanza na swali jingine: huko kuwinda kunaruhusiwa? Usangu waliyoizoea wazee, lililokuwa pori la akiba liliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008. Humo hakuwindwi. Kwingineko, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 yadai leseni. Bila hiyo ni jangili tu.

Ukishapewa eneo halali, itazame ardhi. Tohe hupenda majani marefu karibu na maji; pongo hujificha vichakani, hutoka alfajiri na jioni. Upepo utoke kwa mnyama kuja kwako, asikunuse. Na nyuma ya shabaha pawe na kilima, si njia ya wachungaji. Nyama ipo buchani. Roho ya mtu hainunuliki.