Dola za Ukumbusho za Marekani: Lipia Madini, Usilipie Kasha

Ukitaka kununua dola ya ukumbusho ya Marekani, au umeachiwa chache na unafikiria kuziuza, anza kwa kuzitenga mafungu mawili. Zote zinaitwa dola, lakini bei zake haziko karibu hata kidogo.

Fungu la kwanza ni zile za rangi ya dhahabu zenye sura za marais, zilizotolewa kuanzia 2007. Hazina dhahabu. Ni shaba iliyochanganywa na zinki, manganizi na nikeli, uzito wake gramu 8.1. Ikiwa ni ya kawaida, thamani yake ni dola moja ile ile. Tangu 2012 zilitengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji tu, na wachuuzi hulitumia jambo hilo kupandisha bei, ingawa bado zimejaa. Ya kutazama zaidi ni ile ya George Washington ya 2007 ambayo ukingo wake ulitoka kiwandani bila maandishi. Hiyo ina wanunuzi. Nyingine usizilipie zaidi ya dola moja na senti chache.

Fungu la pili ndilo lenye pesa. Dola kubwa za fedha za enzi ya sasa zilianza kutolewa 1983, kwa ajili ya michezo ya Olimpiki ya Los Angeles. Kila moja ina gramu 26.73 na upana wa milimita 38.1. Kwa miaka mingi fedha halisi ilikuwa asilimia 90, yaani wakia 0.7734. Tangu 2019 zinatengenezwa kwa fedha karibu tupu, asilimia 99.9.

Hesabu yako ni hii. Chukua bei ya wakia ya fedha siku unayonunua, zidisha kwa 0.7734 ikiwa sarafu ni ya asilimia 90. Wakia ikiwa dola 30, sarafu ina fedha ya dola 23 na senti 20. Anayetaka dola 60 kwa sarafu hiyo anakuuzia kasha la bluu, cheti na maneno matamu.

Nyingi haziwezi kupanda juu ya madini yake kwa sababu zilitengenezwa kwa wingi mno. Dola ya Sanamu ya Uhuru ya 1986, ile iliyong'arishwa kama kioo, ilipita milioni 6. Ya Katiba ya 1987 ilipita milioni 2. Aliyezinunua mpya alilipia pia mchango wa lazima uliopangwa na sheria, mara nyingi dola 7 au 10, uliokwenda kwa taasisi au mradi fulani. Mchango ule haurudi unapouza. Ndiyo maana sarafu hizi ni heri kuzinunua mkono wa pili kuliko mpya: aliyetangulia ameshabeba hasara.

Sasa zile adimu kweli, na hapa soma herufi ndogo ya kiwanda kwenye sarafu kabla ya kusoma bei. Kwa Olimpiki ya Atlanta zilitolewa sarafu nyingi mno, wanunuzi wakachoka. Dola ya kuruka juu ya 1996 yenye herufi P, ya kung'arishwa, iliuzwa zaidi ya 120,000. Yenye herufi D, ya kawaida, haikufika 16,000. Ya Paralimpiki ya mwaka huo yenye D haikufika 15,000. Mchoro ni ule ule, mwaka ni ule ule, ila yenye D hulipwa mara kadhaa ya mwenzake. Ukiikuta kwenye sinia la sarafu za kupimwa kwa uzito, ichukue bila kusita. Dola ya nyati ya 2001 nayo iliisha mapema ingawa zilitolewa 500,000, na bado huuzwa juu ya madini yake kwa kuwa watu wanaipenda. Lakini si vigumu kuipata, basi linganisha wauzaji watatu kwanza.

Gharama zilizojificha ndizo hula faida. Kupeleka sarafu ikapimwe ubora na kufungiwa kwenye plastiki yenye alama ya ubora kunaweza kugharimu zaidi ya sarafu yenyewe, ukijumlisha posta na bima. Alama ya 69 kwa sarafu hizi ni ya kawaida, usiilipie. Minada ya mtandaoni inaweza kumkata muuzaji zaidi ya asilimia 10. Anayeishi Marekani ajue kwamba faida ya vitu vya ukusanyaji alivyokaa navyo zaidi ya mwaka hutozwa kodi inayoweza kufika asilimia 28.

Kama uko Afrika Mashariki na ndugu amekutumia, maduka ya kubadilishia fedha kwa kawaida hayapokei sarafu za kigeni. Sonara atakupimia madini tu, kwa hiyo sarafu yenye D usimpelekee. Usiisugue wala kuipaka dawa ya kung'arisha; mkusanyaji huiona mara moja na kushusha bei. Cheti na kasha lake viache pamoja.

Kabla ya kulipa, pima uzito, pitisha sumaku (fedha hainasi), kisha muulize muuzaji: nikikurudishia kesho, utainunua kwa kiasi gani? Akitaja nusu ya bei yake, mwachie sarafu yake.