Sheria za Soka kwa Anayeanza Kuufuatilia Mchezo

Soka ni mchezo wa timu mbili zenye wachezaji 11 kila moja, zinazoshindana kuuingiza mpira katika goli la mpinzani bila kuutumia mkono. Mchezo huu unaongozwa na sheria 17. Chama cha Soka cha England kiliandika sheria zake za kwanza jijini London mwaka 1863, na tangu mwaka 1886 kazi ya kuzitunza na kuzirekebisha sheria za soka imekuwa ya bodi ya kimataifa inayojulikana kama IFAB. Katika bodi hiyo FIFA ina kura nne, na vyama vya England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini vina kura moja kila kimoja. Badiliko halipiti mpaka lipate kura sita kati ya hizo nane, kwa hiyo sheria hazibadiliki ovyo. Kila moja ina sababu yake, na aliyeielewa sababu haisahau sheria.

Uwanja na goli

Uwanja ni mstatili wenye urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90. Kwa mechi za kimataifa urefu ni mita 100 hadi 110 na upana ni mita 64 hadi 75. Mistari miwili mirefu ni ya pembeni, na miwili mifupi ni ya goli. Mstari wa kati unaugawa uwanja katika nusu mbili, na duara la katikati lina nusu kipenyo cha mita 9.15. Kipimo hicho hurudi mara nyingi, kwani ndio umbali ambao wapinzani hutakiwa kukaa kutoka kwenye mpira wakati wa kona na mikwaju ya adhabu.

Goli lina miti miwili iliyoachana mita 7.32, na juu yake umelala mwamba ulio mita 2.44 kutoka ardhini, ambao watangazaji wa Tanzania huuita mtambaa wa panya. Mbele ya goli kuna maboksi mawili, moja ndani ya jingine. Dogo linatoka mita 5.5 kuelekea uwanjani, na kubwa mita 16.5. Hilo kubwa ndilo eneo la hatari, au kumi na nane kwa hesabu ya zamani ya yadi. Ndani ya boksi hilo la timu yake tu kipa anaruhusiwa kuushika mpira, na ndani yake baadhi ya makosa ya timu inayolinda huzaa penalti, inayopigwa kutoka alama iliyo mita 11 mbele ya goli.

Wachezaji, waamuzi na muda

Watu huzungumzia mabeki, viungo, mawinga na washambuliaji, lakini mgawanyo huo ni wa makocha. Katika sheria anayetengwa na wenzake kwa kazi yake ni kipa peke yake, na ndiyo maana jezi yake lazima iwe ya rangi tofauti. Wengine wote wanaweza kucheza popote. Timu ikibaki na wachezaji pungufu ya saba, mechi haiwezi kuendelea. Katika mashindano makubwa ya leo kila timu inaruhusiwa kubadilisha wachezaji watano, na katika mechi za ushindani aliyetolewa harudi uwanjani.

Refa ndiye msimamizi wa mechi, na uamuzi wake juu ya tukio lolote la mchezo ni wa mwisho. Anasaidiwa na washika vibendera wawili wanaokimbia kandokando ya mistari ya pembeni, na mwamuzi wa akiba anayesimama karibu na mabenchi ya ufundi.

Mechi ina vipindi viwili vya dakika 45, na mapumziko hayazidi dakika 15. Saa ya soka haisimamishwi mpira unapotoka au mchezaji anapotibiwa. Badala yake refa hufidia muda uliopotea kwa majeruhi, kubadilisha wachezaji, kadi na kushangilia mabao. Ubao unaoinuliwa mwishoni mwa kipindi unaonyesha dakika za nyongeza zisizopungua idadi hiyo, na refa anaweza kuzidisha kukitokea ucheleweshaji mwingine.

Bao, na mpira unapotoka

Bao ni bao pale mpira mzima unapouvuka mstari wa goli, chini ya mwamba na katikati ya miti. Mpira uliobakiza hata sehemu ndogo juu ya mstari haujaingia. Kipimo ni hicho hicho kwa mistari ya pembeni: mpira uko mchezoni mpaka uvuke wote, iwe chini au hewani. Ugumu wa kuliona jambo hilo kwa macho ulidhihirika katika Kombe la Dunia la mwaka 2010 nchini Afrika Kusini. Mkwaju wa Frank Lampard wa England dhidi ya Ujerumani uligonga mwamba, ukadunda wazi ndani ya mstari, ukarudi uwanjani, na waamuzi hawakuona. Miaka miwili baadaye IFAB iliidhinisha teknolojia ya mstari wa goli, inayomjulisha refa papo hapo kupitia saa yake ya mkononi.

Mpira ukitoka pembeni, hurushwa na timu pinzani ya aliyeugusa mwisho. Mrushaji hutumia mikono yote miwili, akiutoa mpira nyuma ya kichwa na kuupitisha juu yake, huku miguu yote miwili ikigusa ardhi. Bao haliwezi kufungwa moja kwa moja kwa mpira wa kurusha. Mpira ukivuka mstari wa goli bila kuwa bao, swali ni nani aliyeugusa mwisho. Akiwa mshambuliaji, timu inayolinda inapewa goli kiki kutoka boksi dogo. Akiwa mlinzi, washambuliaji wanapewa kona, na kona inaweza kuingia moja kwa moja ikahesabika.

Kuotea

Hakuna sheria inayobishaniwa vibandani na vijiweni kama hii, ingawa lengo lake ni rahisi: kumzuia mshambuliaji asipige kambi karibu na goli la wapinzani akisubiri mipira mirefu. Katika sheria za mwaka 1863, aliyekuwa mbele ya mpira hakuruhusiwa kupokea pasi. Baadaye ilitosha wapinzani watatu wawe kati yake na mstari wa goli. Mwaka 1925 idadi ilipunguzwa hadi wawili, na mabao yakaongezeka sana katika ligi ya England. Mwaka 1990 iliamuliwa kwamba aliye sambamba na mlinzi hajaotea.

Leo mchezaji yuko katika nafasi ya kuotea yakitimia mambo matatu kwa pamoja: awe katika nusu ya wapinzani, awe karibu na mstari wao wa goli kuliko mpira, na awe karibu nao kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho. Kwa kawaida wa mwisho ni kipa na wa pili ni beki, lakini sheria haimtaji kipa. Kipa akipanda mbele, mabeki wawili ndio watakaohesabiwa. Hupimwa kichwa, kiwiliwili na miguu; mikono haihesabiwi, hata ya kipa.

Mambo mawili huwachanganya wengi. La kwanza ni wakati wa kupima: nafasi hutazamwa pale mwenzake anapoupiga au kuugusa mpira, wala si pale yeye anapoupokea. Mkimbiaji mzuri anaweza kuwa sambamba na beki pasi inapotoka, na sekunde moja baadaye akaonekana yuko peke yake na kipa. Huyo hakuotea. La pili ni kwamba kusimama katika nafasi hiyo si kosa. Kosa huja anapocheza mpira, anapomzuia mpinzani asicheze au asione, au anapofaidika na mpira uliorudi kutoka kwenye mti au mikononi mwa kipa. Ndiyo maana mshika kibendera mara nyingine husubiri kabla ya kuinua mkono.

Hakuna kuotea kwa anayepokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye kona, goli kiki au mpira wa kurusha. Kosa la kuotea huadhibiwa kwa mkwaju usio wa moja kwa moja, yaani ule usioweza kuhesabiwa bao mpaka umguse mchezaji mwingine.

Faulo na kadi

Soka inaruhusu kugusana, na kusukumana mabega kwa haki si kosa. Faulo ni kumpiga teke mpinzani, kumkwatua, kumsukuma, kumrukia, kumshika au kumvaa kwa uzembe. Uzembe wa kawaida huadhibiwa kwa mkwaju tu. Mchezo wa pupa usiojali usalama wa mpinzani huongezewa kadi ya njano. Kutumia nguvu kupita kiasi huongezewa nyekundu. Kwa hiyo kuucheza mpira kwanza hakumwokoi mchezaji aliyeingia kwa namna inayoweza kumvunja mwenzake mguu.

Makosa hayo, pamoja na kuunawa mpira, hutoa mkwaju wa moja kwa moja, unaoweza kuwa bao bila kuguswa na mtu mwingine. Kuunawa si kila mpira kuugusa mkono. Refa hutazama kama mchezaji alikusudia, au kama aliutanua mwili wake kwa kuuweka mkono mahali ambapo mwendo wake haukuuhitaji. Makosa mepesi zaidi, kama kuinua mguu kwa hatari bila kumgusa mtu, hutoa mkwaju usio wa moja kwa moja. Ndivyo ilivyo pia kipa anapodaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake kwa makusudi, jambo lililopigwa marufuku mwaka 1992 kwa sababu timu zilikuwa zikiua muda kwa pasi za aina hiyo.

Refa anaweza pia kuacha mchezo uendelee baada ya faulo kama aliyetendewa ananufaika zaidi kwa kuendelea. Kadi inayostahili humfuata mkosaji mpira ukisimama.

Kadi zilianza kutumika katika Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970, kwa wazo la mwamuzi Mwingereza Ken Aston, ili onyo lieleweke bila kujali lugha. Njano ni onyo, na njano mbili katika mechi moja ni nyekundu. Aliyepewa nyekundu hutoka, na timu yake hubaki pungufu hadi mwisho.

Kosa linalostahili mkwaju wa moja kwa moja likitendwa na mlinzi ndani ya boksi lake, adhabu ni penalti. Mfano ambao Afrika haijausahau ni robo fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 2010 jijini Johannesburg. Ghana na Uruguay zilikuwa 1–1 mwishoni kabisa mwa muda wa ziada, mpira ukielekea nyavuni, Luis Suárez akaupangua kwa mikono juu ya mstari. Alipewa kadi nyekundu na Ghana ikapata penalti, lakini Asamoah Gyan akagonga mwamba, na Uruguay ikashinda kwa mikwaju. Sheria ilifuatwa kikamilifu. Refa hana mamlaka ya kutoa bao kwa mpira ambao haujavuka mstari, hata kama ulikuwa unaingia.

Tangu mwaka 2018 sheria zinaruhusu msaada wa video, VAR. Ilipoanzishwa ilipewa mambo manne tu: mabao, penalti, nyekundu ya moja kwa moja, na kumwadhibu mchezaji asiyehusika. Huingilia pale penye kosa la wazi, na neno la mwisho hubaki kwa refa.

Kumpata mshindi

Katika ligi, ushindi una pointi tatu na sare pointi moja. Sare isiyo na mabao huitwa suluhu. Katika mtoano lazima apatikane mshindi, kwa hiyo mashindano mengi huongeza dakika 30, na ikishindikana hufuata mikwaju ya penalti. Kila timu hupiga mitano, kisha mmoja mmoja hadi mmoja apate na mwingine akose. Wenzake wote wakishapiga, hata kipa hupiga. Katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika ya mwaka 2015, Boubacar Barry wa Ivory Coast aliuokoa mkwaju wa kipa wa Ghana, kisha akafunga wa ushindi, 9–8.

Mechi za nyumbani na ugenini huamuliwa kwa jumla ya mabao, na baadhi ya mashindano huyapa uzito zaidi mabao ya ugenini jumla zikilingana. Kanuni hiyo ndiyo iliyoinyima Yanga Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023. Ilifungwa 2–1 na USM Alger jijini Dar es Salaam, ikashinda 1–0 jijini Algiers, jumla ikawa 2–2. Waalgeria walikuwa na mabao mawili ya ugenini dhidi ya moja la Yanga, na kombe likabaki kwao.