Deni ya mbolea isipotee na kompyuta

Wandugu wa koperative, mvua zimeanza, na kwetu Lubumbashi mvua inakuja na radi. Mwaka uliopita, majira kama haya, umeme ulikatika ofisini mwetu, kisha ukarudi kwa nguvu. Kompyuta haikuwaka tena. Flashi ya nakala? Ilikuwa imechomekwa palepale, nayo ikaungua. Ndani yake mlikuwa na majina ya waliochukua mbolea kwa deni, mifuko mingapi, na kilo ngapi za mahindi watarudisha wakati wa mavuno. Tulipita nyumba kwa nyumba kuuliza. Wengi walisema kweli. Wengine walisahau, na mama mmoja aliyekuwa amekwisha kulipa aliitwa mdaiwa mbele ya watu. Hilo lilituuma kuliko mashini yenyewe.

Njo maana leo tunasema juu ya nakala. Mara nyingi kompyuta inalala nyumbani kwa sekretere. Ni sawa, lakini flashi isilale nayo. Goma, tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021, Nyiragongo ililipuka, na watu wakakimbia na vile mikono iliweza kubeba. Sisi hatuna volkano; tuna wezi na paa zinazovuja.

Kila siku ya kupima mahindi, hifadhi daftari la madeni kwenye flashi kwa jina lenye tarehe, kisha chomoa. Usifute la zamani haraka: kama leo umekosea namba, nakala mpya inabeba kosa lile lile. Flashi hiyo isiende kwa wapiga fotokopi, virusi vinatoka huko. Nunua ingine ya kuchapisha. Mara moja kwa mwezi ifungue kwenye kompyuta ya mtu mwingine, uone kama namba zinasomeka. Mwenye mega kidogo amtumie prezida daftari kwa WhatsApp. Ni jepesi kuliko picha. Liwe na neno la siri, kwani deni ya mtu si habari ya soko, na watu wawili walijue.

Na kaye ya karatasi yenye sahihi za wanachama, musitupe.

Flashi ya nje tulimpa yule mama aliyeitwa mdaiwa. Anaichunga Ruashi, ndani ya kopo la maziwa, na siku ya kupima anafika nayo wa kwanza.