Vifaranga wa siku moja: joto hupunguzwa, nafasi huongezwa

Kasha lenye vifaranga mia moja likiondoka Bujumbura asubuhi, laweza kufika Bugarama, Muramvya au Kayanza kabla ya jua la alasiri. Safari si ndefu, lakini hali ya hewa hubadilika kabisa. Mji wa Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 800 kutoka usawa wa bahari, ilhali Bugarama imepita mita 2,000. Kwa kawaida, joto la hewa hupungua kwa nyuzi zipatazo sita kila mtu apandapo mita 1,000. Abiria anayeshuka garini huvaa koti lake. Kifaranga wa siku moja hana cha kuvaa.

Hii ni sababu mojawapo inayowafanya wafugaji wanaoanza kupoteza vifaranga wengi katika wiki ya kwanza, na aghalabu usiku. Asubuhi hukutwa wamelundikana katika pembe moja ya chumba, walio chini wakiwa wamekufa kwa kukosa hewa. Lawama huelekezwa kwa ugonjwa, au kwa aliyewauza. Mara nyingi, hata hivyo, chanzo ni mambo mawili yaliyo mikononi mwa mfugaji mwenyewe: joto na nafasi. Nayo hayaendi upande mmoja. Kadiri kifaranga anavyokua, joto hupunguzwa na nafasi huongezwa.

Kwa nini kifaranga hawezi kujipasha joto

Yai la kuku huanguliwa baada ya siku 21. Kifaranga anayetoka humo amefunikwa kwa manyoya laini mfano wa pamba, ambayo hayazuii baridi. Mwili wake bado haujaweza kudhibiti joto lake. Huhitaji takriban wiki mbili ili uanze kulidhibiti vyema, na wiki kadhaa zaidi ili manyoya halisi yaenee mwili mzima.

Kuku mwenye vifaranga hulimaliza jambo hili kwa mbawa zake. Lakini ukimtazama vizuri, utaona kwamba hawafuniki mchana kutwa. Vifaranga hutoka, hudonoa, hunywa maji, kisha hurudi chini ya mbawa baridi inapowashika. Wanapokua, hutoka kwa muda mrefu zaidi na kwenda mbali zaidi. Malezi yote ya vifaranga wasio na mama ni kuiga jambo hilo: kuwapa mahali penye joto, na karibu yake mahali pasipo na joto kali, ili wachague wenyewe.

Kifaranga huzaliwa na akiba ya chakula tumboni, ambayo ni mabaki ya kiini cha yai. Akiba hiyo humtosha kwa siku mbili au tatu, na ndiyo imwezeshayo kusafirishwa. Haimaanishi kwamba anaweza kucheleweshwa. Anapofika, apewe kwanza maji safi yasiyo baridi, kisha chakula. Kifaranga aliyepatwa na baridi hali wala hanywi. Hujikunyata tu, na nguvu zake humwishia akiwa karibu na chombo kilichojaa.

Joto la kila wiki

Chombo cha kulelea, ambacho wafugaji wengi hukiita bruda, kiwashwe saa kadhaa kabla ya vifaranga kuwasili, ili wakute sakafu na matandiko yameshapata joto. Katika wiki ya kwanza, penye joto panapaswa kuwa na nyuzi kati ya 32 na 35, zikipimwa kwenye kimo cha mgongo wa kifaranga, si ukutani. Baada ya hapo hupunguzwa nyuzi tatu hivi kila wiki: takriban 30 katika wiki ya pili, 27 katika ya tatu, 24 katika ya nne, hadi kufikia 21. Mwenye taa huiinua juu kidogo kila wiki. Mwenye jiko hupunguza moto.

Bondeni, karibu na ziwa, huenda mchana usihitaji moto baada ya wiki ya pili. Milimani, hasa katika usiku wa kiangazi kati ya Juni na Agosti, moto waweza kuhitajika hadi wiki ya tano. Kwa hiyo ratiba ya jirani wa Buyenzi haimfai ndugu yake aliye Kayanza, hata kama vifaranga wao wametoka kasha moja.

Asiye na kipimajoto asikate tamaa, kwa maana vifaranga wenyewe huonyesha. Wakisongamana chini ya taa na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wakikimbilia ukingoni, wakiacha midomo wazi na kutandaza mbawa, wamezidiwa na joto. Wakijikusanya wote upande mmoja, kuna upepo unaoingia kutoka upande wa pili. Wakitawanyika sawasawa, wengine wakila, wengine wakinywa, wengine wamelala, mfugaji naye aende akalale. Ukaguzi muhimu kuliko wote ni ule wa usiku wa manane, kwani bruda inayofaa saa moja jioni huenda isifae saa tisa usiku.

Kuna pia kipimo cha mkono. Saa 24 baada ya kuwasili, vifaranga kadhaa washikwe na kupapaswa taratibu kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo. Kikiwa kimejaa na ni laini, kifaranga amekula na kunywa. Kikiwa kitupu kwa wengi wao, joto, maji au chakula havijakaa sawa.

Nafasi inayokua pamoja nao

Kosa la pili huanza na jambo linalopendeza macho. Vifaranga mia moja wa siku moja huonekana wachache mno, na mtu hujiambia kwamba hata mia mbili wangeenea. Baada ya wiki tatu, chumba kilekile hakitoshi.

Kwa makadirio ya kawaida, mita moja ya mraba hutosha vifaranga 50 katika wiki ya kwanza, 30 katika ya pili, na 20 kuanzia ya tatu. Kwa vifaranga mia moja, hiyo ni mita za mraba 2, kisha zaidi kidogo ya 3, kisha 5. Kuku wa nyama wanaokaribia kuuzwa huhitaji mita 10, yaani kuku 10 kwa kila mita. Kuku wa mayai wanaolelewa sakafuni huhitaji karibu mara mbili ya hiyo. Chumba cha mita 3 kwa 4 kitawatosha kuku mia moja wa nyama, lakini hakitawatosha mia moja wa mayai.

Njia nyepesi ni kutengeneza duara kwa mabati, maboksi au mikeka migumu, lenye kimo cha sentimita 40 hivi. Duara lenye kipenyo cha mita 1.6 latosha vifaranga mia moja kwa wiki ya kwanza. Kisha ukuta wake husogezwa nje siku baada ya siku. Duara halina pembe, na mahali pasipo pembe ni vigumu vifaranga kulundikana hadi kuuana. Ndani yake hutandazwa maranda ya mbao au maganda ya mpunga, unene wa sentimita 5 hadi 10. Karatasi laini pekee haifai, kwa sababu miguu huteleza na kupinda.

Vyombo navyo huongezeka: sahani moja ya chakula na chombo kimoja cha maji kwa kila vifaranga 50 ni mwanzo mzuri. Chombo cha maji kisiwe na kina, au kitiwe changarawe safi, ili kifaranga asizame.

Msongamano huanza kudhuru kabla kifo hakijaonekana. Matandiko hulowa, na harufu kali ya kinyesi huwasha macho na mapafu. Vifaranga hudonoana hadi damu. Unyevu nao hustawisha vijidudu vya ugonjwa wa kuhara damu, ambao hushambulia zaidi kuanzia wiki ya tatu. Matandiko yaliyolowa yaondolewe siku hiyohiyo.

Moto bila sumu

Pale umeme unapokatika, wengi hutumia jiko la mkaa. Joto lake ni zuri, lakini mkaa unaoungua katika chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua vifaranga na huua watu pia. Mkaa uwashwe nje hadi moshi uishe, jiko lizungushiwe kizuizi, na chumba kiwe na tundu la hewa juu, mbali na usawa wa vifaranga. Hakuna mtu anayepaswa kulala katika chumba hicho kwa ajili ya kuwalinda.

Kuhesabu kabla ya kununua

Swali la kwanza la mfugaji, basi, lisiwe ni vifaranga wangapi anaweza kuwanunua, bali ni kuku wangapi nyumba yake itawatosha wiki ya tano, na mkaa au umeme wa usiku wangapi ameuweka tayari. Mwenye nafasi ya kuku 60 akinunua 60 na kuwafikisha 57, amepata. Akinunua mia moja kwa chumba hichohicho, huenda akabaki na pungufu ya hao, nao wamedumaa, na fedha za chakula zimekwisha kulipwa.