Buti Kwanza, Skii Baadaye: Hesabu ya Wenzo Juu ya Theluji

Ifikapo mwezi wa Oktoba kila mwaka, majira ya theluji yanapokaribia huko kaskazini ya dunia, maduka ya vifaa vya michezo katika miji iliyo chini ya milima ya Alpi, kama vile Innsbruck na Grenoble, hujaa watu wanaotafuta skii na buti mpya. Skii ni ubao mrefu, mwembamba, ulioinuliwa kidogo kwenye ncha, ambao mtu huufunga chini ya kila mguu ili ateleze juu ya theluji. Huenda msomaji akauliza jambo hilo lamhusu nini mwanafunzi wa Morogoro au Kakamega. Mnunuzi yule, ajue asijue, anafanya hesabu ya kanieneo, ya duara na ya wenzo, ambazo zote zimo katika vitabu vyetu vya sekondari. Hesabu ikikosewa, mguu wake ndio utakaolipa.

Tuanze na iliyo rahisi. Mtu mwenye tungamo la kilogramu 70 huikandamiza ardhi kwa kani ya nyutoni 700 hivi. Nyayo za viatu vyake zina eneo la meta mraba 0.04, kwa hiyo kanieneo ni paskali 17,500, naye huzama katika theluji laini hadi magotini. Akivaa skii mbili zenye jumla ya meta mraba 0.3, kanieneo hushuka hadi paskali 2,300 hivi. Ndiyo maana wale wanaopita kwenye theluji isiyoshindiliwa huchagua skii pana.

Hapa yafaa kutenga aina mbili. Philip Boit wa Kenya, aliyeshindana katika mbio za kilomita 10 huko Nagano, Japani, mwaka 1998, alitumia skii za nyika, ambazo ni nyepesi na humwacha mtu ainue kisigino kama anayekimbia. Sabrina Simader, aliyeiwakilisha Kenya huko PyeongChang mwaka 2018, aliteremka mlima kwa skii ambazo buti yake hufungwa mbele na nyuma. Makala hii yahusu aina hiyo ya pili.

Ukiitazama skii ya mlimani kutoka juu utaona kwamba ina kiuno: katikati ni nyembamba kuliko kwenye ncha na mkia. Umbo hilo walilijua mafundi wa Telemark, Norwei, tangu karne ya 19, katika siku za Sondre Norheim. Skii ikiinamishwa juu ya ukingo wake wa chuma na kukandamizwa, hupinda, na mkato wa kiuno hugeuka kuwa upinde unaochonga theluji. Nusukipenyo cha mkato huo hupatikana kwa kuzidisha urefu kwa urefu, kisha kugawanya kwa mara nane ya kina cha mkato. Skii ya zamani yenye urefu wa meta 1.8 unaogusa theluji na kina cha milimeta 8 itatoa meta 51 hivi. Ya siku hizi, yenye meta 1.45 na milimeta 18, itatoa chini ya meta 15. Mageuzi hayo yalishika kasi baada ya mwaka 1993, kiwanda cha Elan cha Slovenia kilipotoa skii zenye kiuno chembamba zaidi. Tangu hapo skii zimefupishwa, na anayejifunza hutosheka na zile zinazomfikia baina ya kidevu na pua. Mtu mwepesi asinunue skii ngumu ya mwanamichezo hodari: hataweza kuipinda, na kiuno chake hakitamfaa kitu.

Nilipokuwa masomoni Ulaya, wanafunzi wenzangu walianza kwa kuchagua skii, tena kwa rangi zake, kisha wakanunua buti kwa fedha zilizosalia. Kwa maoni yangu huko ni kupanda ngazi kwa kushuka. Amri yote itokayo mguuni hupita katika buti kabla ya kuifikia skii. Buti ni ganda gumu la plastiki lenye bitana nene ndani yake. Namba yake ni urefu wa mguu kwa sentimeta: mguu wa sentimeta 26.5 huvaa buti ya 26.5. Muuzaji mwaminifu atatoa bitana, atakuvalisha ganda tupu, atakusogeza mbele hadi vidole viguse, kisha atapima nafasi iliyo nyuma ya kisigino. Ikizidi sentimeta mbili, ganda ni kubwa mno. Bitana ikirudishwa, vidole vitagusa mbele ukisimama wima na kurudi nyuma kidogo ukikunja magoti. Vaa soksi moja nyembamba. Buti inayoonekana kuwa ya raha kabisa dukani italegea baada ya wiki chache, kwa kuwa bitana hushindiliwa. Namba za ugumu zilizoandikwa ubavuni zisikudanganye, maana kila kiwanda kina kipimo chake.

Sasa tufike kwenye mfupa. Skii ni wenzo mrefu, na mtu akianguka ncha yake ikanaswa, muundi husokotwa kama nguo inayokamuliwa. Hjalmar Hvam, Mnorwei aliyehamia Marekani, alivunjika mguu, na mwishoni mwa miaka ya 1930 akabuni kibanio kinachoiachia buti kani inapozidi. Kibanio cha leo kina springi inayokazwa kwa namba. Tuseme springi huachia kwa nyutoni 200 kwenye ncha ya buti, na kutoka ncha hadi mhimili wa muundi ni meta 0.25: mfupa utabeba msokoto wa nyutoni-meta 50. Ukinunua buti ndefu zaidi, umbali ukawa meta 0.30, springi ile ile itaachia kwenye 60. Kwa hiyo anayebadili buti hana budi kukaza vibanio upya, kwa kufuata uzito, kimo, umri, ustadi na urefu wa soli. Wenye umri wa miaka 50 na zaidi hupunguziwa namba. Aidha, soli zilizopindwa kwa ajili ya kutembea haziingii katika kila kibanio.

Watafiti waliofuatilia majeruhi huko Vermont, Marekani, tangu mwaka 1972 waliona mivunjiko ya muundi ikipungua sana kadiri vibanio vilivyoboreshwa. Goti halikupata nafuu hiyo. Kibanio husikia msokoto wa mguu na mvuto wa kwenda mbele. Mtu aangukapo kinyumenyume huku goti limekunjwa, kano ya katikati ya goti yaweza kukatika wakati springi bado imetulia. Duka lenye mashine ya kupimia litakuonyesha kani halisi inayoachia buti kwa mbele na kwa kando. Kipimo hicho kifanywe mnunuzi akiwa amekuja na buti zake mwenyewe, zikiwa zimefutwa tope.