Kuua, Kuosha na Kutakasa: Maelezo juu ya Urejelezaji wa Nepi Zilizotumika

Hapo zamani mtoto mchanga alivikwa kitambaa kilichoitwa winda, na mwanamke mwenye hedhi alitumia sodo. Vyote viwili vilifuliwa, vikaanikwa juani, vikatumika tena mpaka vikachakaa. Leo mahali pa winda pameshikwa na nepi, ambayo aghalabu huitwa pampasi, jina la biashara lililogeuka kuwa jina la kitu. Na sodo imepata wenzake, pedi na taulo ya kike. Majina yamebadilika kwa sababu kitu chenyewe kimebadilika. Cha kwanza kilikuwa cha kufuliwa. Cha pili ni cha kutupwa. Na kwa kuwa ni cha kutupwa, hukutwa kwa wingi katika majalala, kama lile la Dandora huko Nairobi na la Pugu huko Dar es Salaam, ambako watu huchambua taka kwa mikono yao ili wapate riziki.

Mtu aipasuaye nepi moja ataona kwamba imeundwa kwa vitu vitatu vyenye thamani. Nje ni plastiki. Ndani ni pamba laini, ambayo kwa hakika si pamba bali ni selulosi itokayo kwenye miti. Na katikati ya selulosi hiyo zimetiwa chembe nyeupe mfano wa chumvi, nazo ni polima yenye tabia ya kunywa maji. Chembe hizo zikitiwa katika maji matupu huweza kunywa mamia ya mara ya uzito wake. Katika mkojo, ambao una chumvi, hunywa kidogo zaidi, lakini bado hutosha kumlaza mtoto mkavu usiku kucha. Zikishakunywa huvimba na kuwa kama utelezi wa bamia, wala hazikamuliki. Hapa ndipo ilipo taabu ya kwanza: uchafu haukai juu ya kitu hata ukaoshwa, bali umefungwa ndani yake. Mafundi waliifungua fundo hii kwa chumvi za kalisi, au kwa asidi, ambazo huzifanya chembe zile zisinyae na kuyaachilia maji ziliyoyashika.

Taabu ya pili ni vijidudu. Dawa yake ya kale ni mvuke uliofungiwa. Mwaka 1879 Mfaransa Charles Chamberland, aliyefanya kazi pamoja na Louis Pasteur, alitengeneza chombo cha chuma chenye mfuniko wa kukazwa, kiitwacho otoklevu, ambamo maji huchemka chini ya shindo hata joto likapita digrii 100. Kipimo kilichozoeleka ni digrii 121 kwa muda wa dakika 15. Kipimo hicho hakikuchaguliwa kwa ajili ya vijidudu vya kawaida, maana vingi katika hivyo hufa mapema zaidi, bali kwa ajili ya spora, yaani hali ya baadhi ya bakteria kujifungia katika ganda gumu na kungojea siku njema. Maji yanayotokota katika sufuria huweza yasiziue.

Yafaa ieleweke pia kwamba vijidudu havifi vyote kwa pamoja kama taa izimwapo. Katika joto moja, kila muda fulani ukipita hufa tisa katika kila kumi vilivyobaki. Muda mwingine kama huo ukipita hufa tena tisa katika kumi. Kwa hiyo wataalamu hawasemi kwamba hakuna kilichobaki, bali husema kwamba bahati ya kubaki kimoja ni ndogo mno, mathalani moja katika milioni. Na hesabu yote hiyo ni bure ikiwa mvuke haukufika. Nepi iliyotupwa aghalabu imekunjwa na kubanwa kwa gundi zake, na hewa iliyomo katikati huuzuia mvuke usiingie. Nje pakawa digrii 121 na kiini kikabaki na joto la chai.

Huko Italia, karibu na Treviso, mtambo wa namna hii ulizinduliwa mwaka 2017, mvuke ukizifungua nepi na kuua vijidudu katika chombo kimoja. Wenyewe walieleza kwamba tani moja ya nepi na pedi zilizotumika hutoa kilo 150 za selulosi, kilo 75 za plastiki na kilo 75 za polima. Yaani yapata asilimia 70 ya mzigo si mali yo yote, ila maji na uchafu uliobebwa kwa gari. Serikali ya Italia ilitoa amri mwaka 2019 kueleza ni wakati gani vitu hivyo huacha kuhesabiwa kuwa taka. Wajapani walichukua njia nyingine. Katika mkoa wa Kagoshima, mjini Shibushi na Osaki, kampuni ya Unicharm hutumia gesi ya ozoni, ambayo huua vijidudu, huondoa harufu na huing'arisha selulosi, na mwaka 2024 nepi zenye sehemu ya selulosi hiyo zilianza kuuzwa.

Lakini kuna jambo ambalo mvuke hauliwezi. Mgonjwa au mzee anayemeza dawa huitoa sehemu yake katika mkojo, na dawa si kiumbe hata ikafa. Digrii 121 hukatisha uhai. Nyingi katika dawa hupita hapo salama. Ndiyo maana huko Weurt, karibu na Nijmegen nchini Uholanzi, palijengwa mtambo wa kupika nepi kwa joto la kiasi cha digrii 250 chini ya shindo kubwa, ili dawa nazo zivunjike.

Hapa ndipo lugha inapoingia, wala si kwa mapambo. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, Tanzania ilieneza jina la vitakasa mikono kwa maji ya kuulia vijidudu. Kutakasa, basi, kumepewa kazi ya kuua. Lakini katika pwani, kutakasa na tohara ni maneno ya fikhi, na fikhi haiulizi kama kitu kina uhai. Huuliza kama ile najisi yenyewe imeondoka: rangi yake, harufu yake na ladha yake. Tena fikhi ya Kishafii hutenga najisi kwa daraja, hata mkojo wa mtoto wa kiume ambaye hajala ila maziwa umepewa hukumu nyepesi, nao hutosha kunyunyiziwa maji. Kwa kipimo hicho nepi iliyotoka katika mvuke bila kuoshwa huweza kuwa haina kijidudu kilicho hai, na bado ni najisi. Na kwa kipimo cha maabara, kitambaa kilichooshwa kwa maji ya kisima mpaka kikatoharika huweza kuwa na spora maelfu. Hakuna mmoja kati yao aliyekosea. Mmoja anahesabu kilichoondoka, mwingine anahesabu kilichokufa.

Lipo neno tasa, lisemwalo juu ya mnyama au mtu asiyezaa. Kwa maana lingefaa sana, kwa kuwa maabara humhesabu bakteria kuwa amekufa pale ashindwapo kuzaa. Ila neno hilo ni chungu masikioni mwa wengi, na ni vigumu kuliandika juu ya pedi ya mwanamke. Kuua vijidudu ni maneno marefu, lakini husema ukweli wote wala hayasemi zaidi.

Kosa la jina hapa si dogo. Mtu akinunua selulosi iliyoandikwa safi, atafikiri kwamba vijidudu vimekufa, kwamba uchafu umeondoka, na kwamba dawa hazimo. Mambo matatu kwa neno moja, na pengine ni moja tu lililofanyika. Biashara hii tayari ni nyepesi kuvunjika: mtambo wa kampuni ya Knowaste huko West Bromwich, Uingereza, ulifunguliwa mwaka 2011 na kufungwa mwaka 2013. Haitastahimili wanunuzi waliodanganywa. Mkataba wo wote utakaoandikwa kwa Kiswahili juu ya mali hii hauna budi kuutenga kila mmoja kati ya vitendo hivyo: umeuawa nini, kwa joto gani na kwa dakika ngapi, umeoshwa kwa maji gani, na dawa zimepimwa au hazikupimwa.